Modemu na ruta: kwa nini viwili?

Huku Uingereza sote wazima, zamu za usiku wodini zinaendelea. Wiki hii nimefunga modemu mpya na kuiunganisha na ruta, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini viwe viwili. Jibu liko kwenye historia.

Modemu ndiyo mkubwa. Ile ya zamani iligeuza data kuwa sauti ipite kwenye waya wa simu, mwisho kilobiti 56 kwa sekunde. Kompyuta moja, anwani moja, na simu ya nyumbani haipatikani.

Tatizo likawa anwani. Mfumo wa IPv4 wa mwaka 1981 una anwani kama bilioni 4.3 tu. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis wakachapisha mbinu ya NAT: nyumba nzima itoke kwa anwani moja, ruta igawe za ndani, zile za 192.168. Ni kama wodi yenye namba moja ya simu: nesi anapokea, anampelekea kila mgonjwa ya kwake. Mwaka 1999 ikaja Wi-Fi.

Nyumbani tulitegemea setilaiti, ghali mno, hadi kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009. Baba alipolazwa mwaka jana, nilimwona kwa video na kuongea na daktari wake. Msione ni visanduku tu.

Mkifunga: washeni modemu kwanza, taa zitulie, ndipo ruta. Na nywila ya kiwandani mbadilishe!

Wasalimieni wote.