Msiba Usio na Kaburi: Mazingatio Kutoka Old Moshi

 

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 wa eneo hilo. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892 kabla ya kushindwa mwaka uliofuata, na Mangi Molelia wa Kibosho. Dhulma haikuishia kwenye kamba. Baadhi ya vichwa vilikatwa na kupelekwa Ujerumani kuchunguzwa kama vitu vya maonyesho. Jamaa za wafu walibaki na msiba usio na kaburi.

Septemba 2023, taasisi ya makumbusho ya Berlin yenye mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, ambayo 202 kati yake yanatoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu na koo zilizo hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la akida, mshauri mkuu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo katika tangazo hilo. Miaka 123 ilikuwa imepita, na wajukuu walikuwa bado wanatafuta.

Meli hakuwa Muislamu, wala hatuandiki hapa juu ya kumsalia. Lakini mlimani ukoo mmoja una Waislamu na Wakristo, na kihamba kimoja hukusanya makaburi ya wote. Swali linalotuhusu ni hili: mtu ambaye hakuuona mwili wala hakutupa udongo, moyo wake utatulia vipi? Swali hili ni la wengi. Wako waliopoteza jamaa katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011, na miili mingine haikupatikana mpaka leo.

Tuanze na nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib (r.a.) aliuawa katika vita vya Muuta, nchi ya Jordan ya leo, na akazikwa huko huko. Mkewe, Asmaa bint Umays (r.a.), alikuwa Madina na watoto wadogo. Hakuuosha mwili wala hakuliona kaburi. Mtume (s.a.w.) alikwenda nyumbani kwake, akawaita watoto, akawakumbatia huku machozi yakimtoka. Kisha akaamrisha watu waipikie chakula aila ya Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Akawaacha siku tatu na huzuni yao, halafu akarudi, akawataka wasimlilie tena baada ya siku ile, na akamwita kinyozi awanyoe watoto.

Ndugu msomaji, zingatia mpangilio huo. Kwanza yalikuja machozi, tena ya Mtume mwenyewe. Kikafuata chakula kutoka kwa majirani, si kutoka kwa wafiwa. Pale ambapo matanga huwageuza wafiwa kuwa wapishi wa wageni, Sunna hiyo imepinduliwa. Kisha ikawekwa siku ya mwisho, na ikaja na tendo dogo la mikono, kunyoa nywele, ili watoto waanze upya. Hapakuwa na kaburi, lakini palikuwa na mwanzo na mwisho.

Fiqhi nayo ikaweka mipaka palipokuwa na kiza. Mke aliyefiwa ana eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 234. Ama mke wa mafqudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane kama yu hai, Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu asubiri miaka minne kisha akae eda ya kufiwa. Wamaliki wameshika hukumu hiyo. Mahanbali wameishika pale ambapo kufa kuna uwezekano mkubwa, na mfano wao mmoja ni jahazi lililozama. Imam Shafi, katika kauli yake mpya, aliona asubiri mpaka ipatikane yakini. Wanazuoni wametofautiana katika muda, lakini wote wamekiri kuwa kutokujua ni mzigo unaohitaji hukumu. Kumwambia mjane wa bahari "subiri tu" na kumwacha hapo si kumjibu.

Wapo wanaodhani kuwa huzuni ndefu ni upungufu wa imani. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwana aliyepotea bila kaburi hata macho yake yakawa meupe, na bado alikuwa Nabii. Suratu Yusuf yaonyesha alifanya mambo mawili pamoja: alimshitakia Allah huzuni yake, na aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf bila kukata tamaa. Kwa hiyo wajukuu wanaotafuta mabaki ya babu zao hawapingani na subira.

Kuna maradhi mengine yajayo na msiba: kujilaumu. Lau ningemzuia asipande meli. Lau baba zetu wangedai mapema. Mtume (s.a.w.) alionya kuwa neno "lau" la namna hii hufungua amali ya shetani. Mlango huo hufungwa kwa kukumbuka qadar ya Allah na kufanya lililo mkononi leo.

Na ikiwa mtu halali, hali, ameacha kazi na swala zimemshinda, aambiwe wazi kuwa tiba ni Sunna. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana, na akahimiza mtu ajiwekee fikra za kumtuliza akiwa mzima, kama anavyojiwekea dawa kabla ya kuugua. Mtu wa Moshi aliyeelemewa anaweza kwenda hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na bado akabaki na nyiradi zake. Dua na daktari havigombani.

Enyi maimamu, taazia ya siku tatu hutosha palipo na kaburi. Pasipo na kaburi, rudini. Muulizeni mjane kama amepata mtu wa kumfafanulia hukumu yake. Waulizeni watoto kama wanalala. Na jirani asiye Muislamu naye hupewa pole, Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoulizwa akawakumbusha kuwa ile nayo ilikuwa nafsi.

Wallahu aalam.