Epulu wakati wa mvua: historia ya njia, potopoto na okapi wetu

Mvua ikianza kunyesha kwa nguvu hapa Mongbwalu, kila mtu anajua yatakayofuata. Mashimo ya dhahabu yanajaa maji, makamiyo ya Bunia yanakwama njiani, na bei za sokoni zinapanda. Ni wakati huo pia watu husema Epulu, kwenye Hifadhi ya Okapi, haifikiki tena mpaka Desemba. Usemi huo una ukweli, lakini haumalizi habari. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mvua ndiyo iliyoamua nani aingie katika msitu wa Ituri na nani abaki nje. Tena, mara nyingi ililinda msitu huo vizuri kuliko bunduki.

Kwa wasiofika huko: Epulu iko katika eneo la Mambasa, juu ya barabara ya kitaifa nambari 4. Kutoka kwetu unashuka Bunia, unapita Komanda, unafika Mambasa, kisha unaendelea kilomita 70 hivi upande wa magharibi.

Njaa katikati ya chakula

Tarehe 28 Juni 1887, Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya, juu ya mto Aruwimi, akiwa na watu 389. Alikuwa anakwenda kumtafuta Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja, wasemaji wa Kiswahili. Walitoka msituni na kuona uwanda wa majani mwanzoni mwa Desemba, baada ya miezi mitano, na karibu safari yote waliifanya katika miezi ya mvua. Wengi walikufa kwa njaa, vidonda na mishale.

Mvua peke yake haikuwaua. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walikuwa wamekwisha kupita kabla yao, wakichoma vijiji na kuteka watu. Kwa hiyo wenyeji walipoona msafara mwingine wenye bunduki, walikimbia au walipigana. Nao wageni hawakujua kipi kinalika msituni.

Katika msitu huohuo, Wambuti wanajua kila mwezi unaleta nini. Katikati ya mwaka wanapanda miti mirefu kutafuta asali. Mvua inaleta uyoga, na kumbikumbi wanatoka ardhini. Vibanda vyao vinaezekwa kwa majani mapana ya mangongo, na mvua kubwa ikija wanangoja ndani, moto ukiwaka. Msimu ambao mgeni aliuita wa mateso, kwa mwenyeji ulikuwa na chakula chake.

Nyayo katika tope

Okapi naye alijulikana Ulaya kwa msaada wa Wambuti. Mwaka 1900, Mjerumani mmoja aliwateka Wambuti kadhaa ili awapeleke kwenye maonyesho ya Paris. Harry Johnston, mkuu wa serikali ya Kiingereza huko Uganda, aliwaokoa na kuwarudisha Kongo. Njiani aliwauliza habari za mnyama kama punda ambaye Stanley alikuwa amemtaja katika kitabu chake. Wakamweleza kwamba yupo, na jinsi alivyo.

Walipofika msitu wa Semliki, wenyeji walimwonyesha Johnston nyayo za okapi. Hakuamini. Yeye alitazamia kwato moja kama ya farasi, na nyayo zile zilikuwa za kwato iliyopasuka mara mbili. Hakuzifuata. Mwaka 1901, ngozi nzima na mafuvu mawili yalipotumwa na Karl Eriksson, afisa Mswidi aliyekuwa kwenye kituo cha Mbeni, ndipo wataalamu walipokubali kwamba mnyama huyo ni ndugu wa twiga. Wenye msitu walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Mnyama mwenyewe ameumbwa kwa mvua. Manyoya yake ni mafupi na yana mafuta, kwa hiyo maji yanateleza juu yake. Leo jina lake tunalisikia kila siku kupitia Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, na picha yake iko kwenye nembo ya ICCN. Hata hivyo, wana-Ituri wengi hawajamwona hata mara moja.

Bariyeri za mvua

Epulu ilipata umaarufu miaka ya 1930, Mmarekani Patrick Putnam alipojenga kambi yake kando ya mto. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliweka hapo kituo cha kukamata okapi. Wageni walikuja kwa gari, maana barabara ilitunzwa. Kulikuwa na bariyeri za mvua: ikinyesha, njia inafungwa kwa saa kadhaa mpaka udongo ukauke, ili magari mazito yasichimbe mahandaki. Wazee wetu wanazikumbuka.

Baada ya uhuru utunzaji ulilegea, kidogo kidogo. Kufikia miaka ya 1990 kamiyo iliweza kulala katika potopoto siku nyingi, hata majuma. Halafu vita vikaja. Hifadhi iliundwa mwaka 1992, ikachukua zaidi ya kilomita za mraba 13,000, kama sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia. Mwaka mmoja tu baadaye, 1997, iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Barabara ilitengenezwa upya baada ya vita. Tulifurahi, na tulikuwa na haki: mgonjwa anafika hospitali, bidhaa zinafika soko. Lakini njia haimchagui mpitaji. Walipita wageni, wakapita pia wakata mbao, wawindaji wa tembo na wachimbaji. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan walishambulia Epulu. Waliua watu, walinzi wakiwemo, na okapi wote 14 wa kituo walikufa. Wengi walieleza shambulio hilo kuwa kisasi kwa walinzi waliokuwa wakizuia ujangili na kufunga machimbo.

Jambo hili linatuhusu

Sisi wa Mongbwalu tunaishi kwa dhahabu tangu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903. Vijana wetu wengine wakisikia kuna karieri mpya msituni, wanabeba pauro na kwenda. Pia mvua inayonyesha juu ya vilima vyetu inashuka mto Ituri, na Ituri unaingia katika hifadhi. Tope la mashimo yetu linasafiri na maji hayo. Potopoto ya barabarani haizuii watu tena kama zamani. Kilichobaki ni walinzi, wakaaji wa kando ya njia, na sisi tulio juu ya mto.

Anayetaka kwenda, kwanza aulize habari za usalama. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na njia ya Komanda imeshambuliwa mara nyingi. Njia ikiwa tulivu, Desemba hadi Februari ndiyo miezi mirahisi. Ukienda wakati wa mvua, chukua buti za mpira na turubai, ongeza siku kadhaa kwenye hesabu yako, na usisafiri usiku. Uliza ofisi ya ICCN kabla ya kuingia. Mchukue Mbuti akuongoze, patana naye malipo mbele ya watu, na umlipe yeye mwenyewe mkononi. Akikuonyesha nyayo katika tope, mfuate.