Kibaba ni gramu ngapi?

Methali ambayo karibu sote tulifundishwa nyumbani ni haba na haba hujaza kibaba. Tuliisikia kila tulipochezea pesa au kuacha hesabu za shule nusu nusu. Lakini tulipoigusia kwenye kipindi cha mwezi huu na nikauliza, jamani, kibaba chenyewe ni kiasi gani, studio ikawa kimya. Watu wanne, wote na digrii zao, hakuna aliyejua. Mmoja alidhani ni kikapu. Mwingine akasema si ni kitu kama kibubu? Basi hii ndiyo makala niliyoahidi, na mtusamehe mnaotufuata kwa ajili ya muziki. Leo ni mchele tu.

Kibaba ni kipimo cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Kamusi za zamani zinakadiria kibaba kuwa ratili moja na nusu, yaani kama gramu 680 kwenye mizani yako ya jikoni. Pishi basi inakuja kama kilo 2.7. Nasema "kama" kwa sababu kibaba hakikuwa uzito, kilikuwa chombo: unajaza, unamimina. Mtama na mchele haviwi na uzito sawa ndani ya chombo kimoja. Halafu kulikuwa na namna mbili za kujaza. Kibaba cha mfuto ni kile kilichopitishwa mkono juu, kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile chenye kilima. Ukinunua unataka tele, ukiuza unataka mfuto, na nadhani ugomvi wa masokoni haujabadilika sana tangu hapo. Tanzania mpaka leo Wakala wa Vipimo wanapigana na lumbesa, lile gunia linaloongezwa kilima juu ili mkulima atoe zaidi kwa bei ileile.

Kwa nini najali? Kwa sababu Mama ana kisukari. Aliambiwa apunguze uzito, na nesi akamwambia kwa upole kabisa kwamba njia rahisi ni kupima chakula. Akapewa karatasi yenye picha za viazi na tambi, hakuna wali wa nazi wala ugali humo. Nikamnunulia mizani ya jikoni, ile bapa ya kioo ya kutia betri, inayobeba mpaka kilo tano. Ikalala kabatini chini ya sufuria za biriani.

"Kupimiana chakula ni jela, mwanangu," aliniambia. "Na mgeni akinikuta napima wali, atasemaje?"

Ningeweza kubishana naye kwa takwimu, ninazo. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2022 unasema kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, uwiano wa uzito na urefu uhesabiwe kuwa umezidi kuanzia 23, na unene kuanzia 27.5, wakati kwa Wazungu ni 25 na 30. Yaani miili yetu inapata kisukari mapema zaidi kwenye mizani. Lakini Mama hakuwa anabisha juu ya namba. Alikuwa anasema kitu kuhusu nani hupimiwa chakula na nani hupima, na nilipoanza kusoma nikaona ana historia nyuma yake.

Karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, wa vitambaa au shanga wakati wa kwenda, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Chakula chake kiliitwa posho. Kiasi cha kawaida, kama wasafiri wa Kizungu akina Burton walivyoandika, kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Huyu ndiye kibaba wetu wa methali. Nimepiga hesabu: gramu 680 za mchele mkavu ni kama kalori 2,400. NHS inamshauri mwanaume wa kawaida ale 2,500 na mwanamke 2,000. Kwa hiyo kibaba ni karibu sawasawa na siku ya mtu anayekaa mbele ya kompyuta Canary Wharf. Kwa mtu anayetembea juani siku nzima na frasila mbili kichwani, ilikuwa njaa ya polepole. Na hiyo ni siku ambayo posho ilitolewa kamili, maana mara nyingi haikutolewa.

Neno lenyewe limesafiri kuliko wapagazi. Uganda leo posho ni ugali, kwa sababu ndicho chakula kilichogawiwa. Tanzania posho ni pesa za kikao, na kila bunge linapokaa watu hugombana nazo mitandaoni. Mbunge na mpagazi neno moja, hebu fikiria.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Zanzibar ilikuwa na mgao wa chakula, na mgao ulifuata kabila uliloandikiwa. Mchele ulikuwa wa wengine, na walioandikwa Waafrika walisukumiwa mahindi. Kisiwa kizima kinakula wali, halafu karani anakuuliza wewe ni nani kabla hajakupimia. Wanahistoria wanaitaja hiyo kuwa sababu mojawapo ya watu wengi kujiandikisha Washirazi miaka hiyo. Huwezi kumwambia mtu aliyelelewa na kizazi hicho kwamba kupima chakula ni jambo dogo la afya.

Lakini kibaba kina upande mwingine, na huu Mama anaujua kuliko mimi. Kwenye fiqhi kuna kipimo kinaitwa mudi, kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa na kujazwa. Mudi nne ni saa, na hapa simaanishi saa ya ukutani. Watu wa pwani walipotafsiri, mudi ikawa kibaba na saa ikawa pishi, nne kwa moja, inaingia kama mkono kwenye glovu. Mzee au mgonjwa asiyeweza kufunga Ramadhani anatoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoikosa. Zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa nyumbani, mpaka mtoto mchanga. Huku kipimo kinamlinda anayepokea, kwamba asipewe pungufu. Kuna sura nzima ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza na watu wanaopunja vipimo.

Sasa twende London ya miaka hiyohiyo ya misafara, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka. Mwaka 1863 bwana mmoja wa Kensington, William Banting, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Kazi yake ilikuwa mazishi. Familia yake iliwazika watu wa ufalme. Alikuwa mfupi, ana ratili 202, na hakuweza kufunga kamba za viatu vyake. Daktari wake alimkataza mkate, sukari, bia na viazi, na Banting akaandika kila mlo kwa wakia: nyama wakia nne au tano asubuhi, na kuendelea. Kijitabu kikauzwa kama njugu, hadi jina lake likawa kitenzi cha kujinyima chakula. Nijuavyo mimi, hakuna aliyemwambia hiyo ni jela. Alikuwa mtu mwenye mali akijipimia mwenyewe, kwa hiari yake, na chakula kingine kimejaa stoo.

Miaka mitano baadaye, 1868, hapa kwetu mashariki, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal Woolwich walianzisha duka lao la ushirika. Vyama vya ushirika vya wakati ule vilikuwa na ahadi mbili kubwa: uzito kamili, na chakula kisichochanganywa na vumbi wala chokaa. Hawa hawakutaka kula kidogo. Walitaka ratili yao iwe ratili. Jengo lao kubwa bado liko Powis Street, wengi wenu mmelipita mkienda kupanda basi. Na Thamesmead yenyewe, ambayo wakazi wake wa kwanza waliingia 1968, miaka mia kamili baada ya duka lile, imejengwa juu ya mabwawa na ardhi ya Arsenal hiyohiyo. Kwa hiyo nikisimama jikoni kwa Mama, dirisha likitazama ziwa la Southmere, nimesimama kwenye historia ya watu waliopigania mizani. Mama nilipomwambia alisema, "Hao nawaelewa. Yule wa maiti simuelewi."

Kidogo kuhusu maneno, kwa sababu sijizuii. Mizani nyingi za jikoni zina kitufe cha kubadilisha gramu kuwa oz. Hiyo oz ni wakia. Si kwamba zinafanana tu: neno la Kiingereza na la Kiarabu lililotupa wakia yote yametoka kwa uncia ya Kilatini. Pwani wakia ilikuwa uzito wa reali moja ya fedha, ile yenye picha ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, iliyozunguka Oman, Habasha na Unguja. Ilikuwa na gramu 28 na kitu. Wakia 16 ni ratili. Bibi yangu Mombasa aliita mizani yenyewe ratili, "lete ratili," na mimi mtoto wa Kiingereza nikadhani anataka pauni za pesa. Waingereza nao hawajapoa na habari hii: 2001 muuza matunda wa Sunderland, Steven Thoburn, alitiwa hatiani mahakamani kwa kuuza ndizi kwa mizani ya ratili badala ya kilo. Ndizi!

Kuhesabu kalori kwa ajili ya kupungua kulikuja baadaye, na mtu aliyekufanya kuwa jambo la kila nyumba ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters, kwa kitabu chake cha 1918. Yeye alitaka tufikiri chakula kwa kalori, siyo kwa kipande cha mkate. Programu zote kwenye simu zenu ni wajukuu wake. Siwezi kusema nampenda sana, ana ukali wa mwalimu wa zamu, lakini alikuwa mnene mwenyewe na alisema hivyo waziwazi.

Sasa Mama. Kilichofungua kabati hakikuwa hotuba yangu. Ilikuwa sinia. Nyumbani kwetu Ijumaa watu wanne wanakula sinia moja, na kwenye sinia hakuna "sehemu yangu", kuna upande wangu tu. Mizani ya sahani moja moja haina maana hapo. Nikamuuliza: wewe ukipika wali wa watu wanne unatia mchele kiasi gani? Akachukua kikombe chake cha bati, akajaza, akapitisha kiganja juu. Mfuto kabisa, bila kujua jina lake. Vikombe vinne. Tukapima: kikombe kimoja gramu 230, jumla 920. Hiyo ni kibaba kimoja na theluthi kwa mlo mmoja wa watu wanne, kila mtu kama kalori 800 za wali peke yake, kabla ya nazi, kabla ya mchuzi.

Tangu hapo tunapima mchele mkavu, sio wali. Wali ukiiva unabeba maji na uzito wake unakuwa karibu mara tatu, kwa hiyo ukipima sahani utachanganyikiwa kila siku kulingana na maji uliyotia. Mchele mkavu hausemi uongo. Vikombe vimekuwa viwili na nusu. Nafasi iliyobaki kwenye sinia imejazwa kachumbari na mchicha, na hakuna mgeni aliyesema kitu, kwa sababu mgeni haoni mizani. Anaona sinia imejaa. Kipimo kinafanyika kabla ya moto, mlango umefungwa. Kaka yangu alilalamika wiki mbili. Mama amepungua kilo saba kwa miezi minane, taratibu, na ana siku ambazo anakataa kupima kabisa, hasa akija mtu kutoka nyumbani. Siku hizo sisemi kitu.

Mwaka huu mwisho wa Ramadhani nilitaka kulipa fitri kwa simu, pauni kadhaa kwa kichwa, dakika moja umemaliza. Mama akakataa. Akatoa gunia la basmati, akatoa mizani, akaniambia niandike 2.7 kwenye karatasi. Tuko watano, na mizani inabeba kilo tano tu, kwa hiyo tulipima pishi moja moja, mfuko kwa mfuko. Kila namba ilipofika 2.7 aliongeza konzi moja juu.

"Hii tele," alisema. "Mfuto ni wetu."