Wale 17 wa Bordeaux

Septemba 1998, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ripoti ya wagonjwa 45 kutoka Bordeaux, Ufaransa. Shida yao ilikuwa moja: vyumba vya juu vya moyo, yaani atria, vilikuwa vinapapatika ovyo badala ya kubana kwa mpangilio, na dawa zilikuwa zimeshindwa. Hali hiyo si ya kuchezewa. Damu ikituama kwenye atria huweza kuganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

Michel Haïssaguerre na wenzake walipitisha katheta, nyaya nyembamba, ndani ya mishipa mpaka moyoni. Wakaanza kufuatilia umeme wa moyo, wakitafuta vurugu inaanzia wapi. Walipata vituo 69. Kati ya hivyo, 65 havikuwa kwenye atria zenyewe. Vilikuwa ndani ya vena zinazoleta damu kutoka mapafuni, sentimita chache kutoka mlangoni. Hebu fikiria: miaka 11 tu kabla ya hapo, kule St. Louis, Marekani, James Cox alikuwa anapasua kifua na kuikata atria mistari mistari ili umeme ukose njia ya kuzunguka. Sasa kumbe unaweza kufika na waya, ukaunguza doa dogo, mgonjwa akaenda nyumbani.

Wakaunguza. Baada ya wastani wa miezi 8, wagonjwa 28 kati ya 45 hawakuwa na mpapatiko tena.

Historia hii husimuliwa kwa kuwataja wale 28, na ni haki yao, maana walibadilisha udaktari wa moyo dunia nzima. Mimi nimekwama kwa wale 17.

Jibu la kwanza la madaktari lilikuwa la fundi: kazi haikuisha. Kovu likiwa na pengo, umeme hupenya. Kwa hivyo wakaacha kuwinda doa moja moja na kuanza kuunguza pete nzima kuzunguka midomo ya vena. Baadaye zikaja baluni za kugandisha kwa baridi kali. Mapengo yakapungua, matokeo yakawa bora. Lakini bado kuna watu waliofanyiwa kazi safi kabisa, na mpapatiko ukarudi.

Jibu la pili lilikuwa limeanza zamani sana, kwa watu ambao hawakuwa wanawaza mapigo ya moyo hata kidogo.

London, 1936. Insulini ilikuwa imetumika tangu 1922, na kila mtu aliamini mgonjwa wa kisukari ni mtu aliyekosa insulini, basi. Harold Himsworth aliwapa wagonjwa wake glukosi na insulini kwa wakati mmoja. Kwa wengine insulini iliituliza sukari. Kwa wengine sukari ilipanda tu, kana kwamba hawakupewa kitu. Akaandika kwenye Lancet kwamba kuna wagonjwa ambao mwili wenyewe hauisikii insulini. Kuthibitisha ilikuwa ngumu, kwa sababu hakuna aliyeweza kupima insulini vizuri kwenye damu. Njia ya kuaminika ilichapishwa 1960 na Rosalyn Yalow na Solomon Berson, kutoka hospitali ya maveterani ya Bronx. Yalow alipata Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki.

Mwaka 1985, watu wa Oxford walitoa hesabu rahisi ya kukadiria usugu huo kutokana na sukari na insulini ya asubuhi kabla ya kula. Wakaiita HOMA. 1988, Gerald Reaven alisimama kwenye hotuba na kuunganisha usugu wa insulini na presha na mafuta mabaya ya damu. Mpapatiko wa atria haukuwa kwenye orodha yake. Mwaka 1994 utafiti wa Framingham, Marekani, ukaonyesha kwamba wenye kisukari hupata mpapatiko zaidi ya wengine.

Hadithi hizi mbili zilikutana vizuri kule Adelaide, Australia. Mwaka 2014, timu ya Prashanthan Sanders ilieleza habari za watu 149 wenye uzito mkubwa waliofanyiwa ablesheni. Wote walialikwa kwenye kliniki ya kushughulikia uzito, presha, sukari, mafuta, usingizi, sigara na pombe. Waliokubali ni 61, waliokataa 88. Waliokubali walikaa bila mpapatiko kwa kiwango kikubwa zaidi. Ni kweli walijichagua wenyewe, na mtu anayekubali kliniki pengine ni tofauti na anayekataa. Lakini waya ulikuwa ule ule.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu ya kilikotoka. HOMA inahitaji kupima insulini, na kipimo hicho ni ghali, maabara nyingi hazina. Watafiti wa Durango, Mexico, walilijua tatizo hilo vizuri kama sisi. Mwaka 2008 walipendekeza kutumia vitu viwili ambavyo karibu kila maabara hupima: trigliseridi na sukari, mtu akiwa hajala. Unazidisha, unagawa kwa mbili, unachukua logi asilia. Angalia tu vipimo viwe vya miligramu kwa desilita. Karatasi zetu za maabara huku mara nyingi huandika milimoli, so lazima ubadilishe kwanza.

Tangu 2022 hivi, watafiti, wengi wao China, wamekuwa wakichukua namba hiyo kabla ya ablesheni na kufuata wagonjwa baadaye. Wenye namba ya juu hurudiwa na mpapatiko zaidi, hata wasio na kisukari. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili sugu hujaza mafuta kuzunguka moyo, na atria hutanuka na kuota makovu yasiyo ya daktari. Pete iliyozunguka vena haiyafikii.

Ninachoogopa ni namba hii kugeuzwa hukumu. Zamani mpapatiko ukirudi, lawama ilikuwa kwa mkono wa daktari. Sasa ni rahisi kumwambia mgonjwa, ambaye labda familia ilichanga kumlipia, kwamba ni mwili wako. Tafiti hizi ni za kutazama na kuhesabu. Kila moja huchora mstari wake wa juu na chini, na kushusha namba yenyewe si jambo lililothibitishwa kwamba huzuia mpapatiko. Kinachowezekana ni kuipiga hesabu kabla ya waya kuingia, wakati bado kuna miezi ya kufanya kitu.