Thamani Iliyo Nyuma ya Ubao

Tuseme mzee amefariki, na kati ya vitu alivyoacha kuna ubao wenye picha ya chui. Pembeni pameandikwa Tingatinga. Warithi watauliza bei. Mthamini makini ataanza kwa kuuliza historia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mnamo 1968 alianza kuchora, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote ni ya miaka kama minne tu.

Ufupi huo ndio unaozipa picha zake bei, na ndio unaomsaidia mthamini. Tingatinga alichora kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi inayong'aa kama ya kupakia baiskeli. Mara nyingi alimchora mnyama mmoja mkubwa, nyuma yake pakiwa patupu. Kanvasi ilienea baadaye, kwa sababu mtalii huweza kuikunja na kuitia begini. Kwa hiyo kanvasi iliyojaa twiga na Mlima Kilimanjaro inatia shaka mara moja, hata ikiwa na jina lake.

Na jina lenyewe halitoshi. Wanafunzi wake, wakiwemo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, waliendeleza uchoraji huo hadi jina la mtu likawa jina la mtindo. Picha za kughushi nazo zimeingia sokoni. Lakini tusichanganye mambo: picha ya Linda au ya Mtalia si bandia. Ni kazi ya mchoraji mwingine, na ina thamani yake.

Kinachobaki ni ushahidi wa safari ya ubao: maandishi ya nyuma, risiti, barua, picha ya sebuleni ya miaka ya sabini ambamo chui anaonekana ukutani. Mgeni aliyeondoka na ubao wake mara nyingi aliondoka pia na karatasi zake. Katika nyumba zetu karatasi hizo huchomwa wakati wa kusafisha chumba cha marehemu, na ubao halisi ukabaki kama pambo la bei ya sokoni.

Basi usiufute kwa sabuni, usiupake rangi upya, wala usibandue karatasi iliyoko nyuma. Kama bibi yu hai, muulize ulinunuliwa wapi, mwaka gani na nani alikuwepo. Andika anavyosema, tia tarehe, kisha ndipo umwite mthamini.