Tabia Hutangulia Cheo

Watu wengi hudhani kuwa kiongozi huzaliwa siku ile anapokula kiapo. Hupigiwa makofi, hupewa ofisi na gari, na tangu hapo kila alisemalo huchukuliwa kuwa ni hekima. Historia ya nchi yetu yatufundisha vinginevyo. Kiapo hakimwongezei mtu akili, wala kiti hakimpi busara ambayo hakuwa nayo alipokuwa amesimama. Yaliyomo ndani ya mtu kabla ya cheo ndiyo yanayodhihirika baada ya cheo. Wahenga walilifupisha jambo hili waliposema kuwa mazoea hujenga tabia.

Tuanze na mwaka 1962. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na Waziri Mkuu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya bendera mpya kupandishwa, alijiuzulu, na nafasi yake ikashikwa na Rashidi Kawawa. Wengi walishangaa. Mtu aliyekiongoza chama cha TANU tangu kilipoundwa mwaka 1954, na ambaye mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu pale Pugu kwa ajili ya siasa, aliwezaje kukiacha kiti kabla jasho la safari halijamkauka?

Jibu lake lilikuwa katika hali ya chama chenyewe. TANU iliundwa ili kumwondoa mtawala. Alipoondoka, wengi waliokuwa nguzo za chama waliingia serikalini, na chama kikabaki kama jembe lililoegemezwa ukutani baada ya mavuno. Adui wa zamani alikuwa na sura iliyojulikana na bendera iliyoweza kushushwa. Maadui waliobaki, yaani umaskini, ujinga na maradhi, hawakuwa na bendera. Kupambana nao kulihitaji mtu akae afikiri, kisha awaendee watu awaeleze aliyoyafikiri na kuyasikia waliyo nayo wao. Mwalimu aliona kuwa kazi hiyo haifanyiki vema katikati ya majalada ya kila siku. Akazunguka nchini, akazungumza, akaandika. Mwaka huo huo vilitoka vijitabu viwili, kimoja juu ya Ujamaa, na kingine kilichoitwa Tujisahihishe. Mwezi wa Novemba alichaguliwa kuwa Rais, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Katika hotuba yake ya kwanza ya urais alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ni dhahiri kuwa miezi ile haikuwa ya mapumziko.

Twapenda vijana wetu wakisome kijitabu cha Tujisahihishe. Hakikuandikwa kuwashutumu wakoloni, bali kuwaonya wanachama wenyewe. Mwandishi aeleza jinsi ubinafsi unavyoiharibu fikra ya mtu. Aonya pia juu ya kosa la kuupima ukweli kwa kumtazama aliyeusema, kana kwamba neno la mkubwa ni kweli kwa sababu ni la mkubwa, na neno la mdogo ni upuuzi kwa sababu ni la mdogo. Ukweli, kwa mafundisho yake, hauna upendeleo.

Sisi tuliozeekea maofisini twalijua sana kosa hili. Mara ngapi tumeketi mkutanoni, karani kijana akasema jambo la maana, sote tukanyamaza? Baada ya nusu saa mkubwa akalisema jambo lile lile, vichwa vyote vikatikisika kwa kukubali. Hapo hatukufikiri, tulikuwa tukihesabu vyeo. Na mkubwa anayezoea kutikisiwa vichwa hatimaye husahau kuwa naye aweza kukosea.

Kufikiri sawasawa si jambo jepesi wakati watu wamekasirika. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kujadili uchaguzi wa kura tatu. Sheria ya Waingereza ilimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wote. Sheria hiyo ilikuwa dharau, na wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi. Mwalimu hakubisha kuwa ni dharau. Aliuliza swali jingine: Tukisusa, nani atakalia viti hivyo? Baada ya mjadala mkali mkutano ulikubali kushiriki, na katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 chama kilishinda, pamoja na Wazungu na Waasia kiliowaunga mkono. Hasira ilikuwa ya haki, lakini haikuachiwa iongoze njia.

Uwezo wa namna hii haupatikani kwa siku moja. Hutokana na mazoea madogo madogo yasiyopigiwa ngoma. Mwalimu alikuwa msomaji na mwandishi. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar ilitolewa mwaka 1963, naye akiwa Ikulu, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Mfasiri hulazimika kulipima kila neno: Je, ndilo? Je, lachukua maana yote, au lapunguza? Anayezoea kuyapima maneno ya mwingine hivyo hujifunza kuyapima na yake. Tena alipenda kucheza bao, mchezo wa mababu zetu wenye mashimo 32 na kete 64, ambao mchezaji asiyehesabu kabla ya kutia mkono huumbuka mbele ya watazamaji.

Mazoea ya fikra yalikwenda pamoja na ya vitendo. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika malumbano yale lilizuka suala la mishahara minono ya viongozi. Mwalimu aliwachukulia wanafunzi hatua kali, lakini aliupunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa chama. Muungwana ni vitendo.

Lakini tusiandike historia kama wapambe waandikavyo. Mwaka 1972 serikali ilianza kuvifuta vyombo vya serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Wananchi walipoteza mabaraza yao ya kusemea, na wakulima wakapoteza vyama walivyovijenga kwa jasho lao tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuvirudisha vyombo hivyo, na mwaka 1984, akiwa bado madarakani, Mwalimu alikiri waziwazi kuwa kuviondoa lilikuwa kosa.

Tukio hili lina mafunzo mawili, nasi twaomba walimu wasiliache moja wakafundisha jingine. La kwanza ni kwamba mtu aliyeandika Tujisahihishe alikubali kupimwa kwa kipimo chake mwenyewe. Ni wachache wanaothubutu hivyo wakiwa bado juu ya kiti. La pili ni chungu zaidi. Kukiri kulikuja baada ya miaka mingi, na gharama yake ililipwa vijijini. Tabia njema ya kiongozi mmoja, hata iwe njema namna gani, haitoshi ikiwa walio karibu naye wamezoea kunyamaza. Kiongozi hana budi kujisahihisha, na watu nao hawana budi kuwa na mahali pa kumsahihishia.

Mwaka 1985 Mwalimu aliuacha urais kwa hiari na kurudi Butiama kulima. Aliyeweza kukiacha kiti baada ya siku 44 aliweza kukiacha tena baada ya miaka mingi, kwani hakuwahi kukidhania kuwa ni sehemu ya mwili wake.

Basi kwa kijana aliyechaguliwa kuwa kiranja, na kwa mwalimu aliyekabidhiwa darasa lake la kwanza, neno letu ni fupi. Soma kila siku, hata kurasa chache. Anapozungumza aliye mdogo kwako, liulize neno lake kama ni kweli kabla hujauliza ni la nani. Usimwagize mwenzako kazi ambayo wewe waionea aibu. Na jioni, kabla ya kulala, jiulize umekosea wapi, kisha asubuhi mwendee uliyemkosea. Asiyeweza kuyafanya haya akiwa na wanafunzi 40 hatayaweza akipewa wilaya nzima.

Cheo huja kikaondoka. Tabia ndiyo tunayokwenda nayo nyumbani.