Exaudire: pale Kristo anapoombwa asikie, kisha asikilize

Katika Litania ya Watakatifu, ile inayoimbwa wakati mashemasi na mapadre watarajiwa wamelala kifudifudi mbele ya altare, Kristo anaombwa mfululizo mambo mawili yanayofanana sana: kwanza atusikie, kisha atusikilize. Waamini huitikia bila kusita, kwa kuwa wameyazoea maneno hayo tangu utotoni. Lakini nyuma yake kuna vitenzi viwili vya Kilatini, audire na exaudire, na mtafsiri aliona kila kimoja kinastahili neno lake. Uamuzi huo umebeba fundisho zito kuhusu namna Mungu anavyozipokea sala.

Audire ni kusikia tu. Exaudire, katika lugha ya Kanisa, ni kusikia kwa kukubali: sauti imefika, aliyeombwa ameijali, na amemtendea mwombaji jambo. Kwa hiyo ndani yake mna usikivu na mna ukubalifu. Sijui kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachobeba yote mawili kwa uzito ule ule. "Kujibu" huharakia matokeo. "Kukubali" huegemea upande wa ruhusa, kama barua ya maombi iliyogongwa muhuri. Lipo pia "kutakabali", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Waislamu hulitumia kwa dua, lakini hilo nalo hutaja kupokelewa na kuacha sikio nje.

Likabaki "kusikiliza". Tuliweke kando ya "kusikia" tuone linaongeza nini. Kusikia kwetu ni neno pana mno. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Mtoto asiyesikia ana masikio mazima, ila hatii. Na mzee aliyepelekewa malalamiko aweza kusema "nimesikia" akanyanyuka, pasipo mtu kujua ameamua nini. Kusikiliza hakuna upana huo, lakini kuna nia. Anayesikiliza ameacha alilokuwa akilifanya. Ndiyo maana muuzaji dukani humwambia mteja "karibu, nikusikilize", na ndiyo maana mahakamani kesi husikilizwa kwanza, hukumu ikaja baadaye. Mtu aliyesikilizwa huenda hajui atapewa nini, ila anajua kwamba zamu yake imefika na mwenye uwezo amemgeukia.

Atakayelalamika kwamba hapo maana ya kukubaliwa imepungua, nitamkubalia. Hata hivyo naliona chaguo hili kuwa jema, na shahidi wangu ni Mtakatifu Augustino, aliyekitumia kitenzi hicho hicho cha Kilatini mahali ambapo ombi lilikataliwa.

Ilikuwa mwaka 383, katika bandari ya Carthage, Afrika ya Kaskazini. Augustino, kijana msomi aliyekuwa bado hajabatizwa, alitaka kusafiri kwenda Roma. Monika, mama yake, alimng'ang'ania: ama arudi nyumbani, ama waende wote. Akamdanganya mama kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengojea upepo, akamshawishi alale katika kanisa dogo la kumbukumbu ya Mtakatifu Sipriani lililokuwa karibu na merikebu. Usiku ule Monika alikesha akilia na kumwomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Usiku ule ule upepo ukavuma, tanga likajaa, na kulipopambazuka mama alibaki ufukoni akilia kwa uchungu.

Akisimulia habari hiyo katika kitabu cha tano cha Maungamo, Augustino hasemi kwamba Mungu hakumsikiliza Monika. Anasema alisikiliza bawaba ya haja yake, yaani kile ambacho maombi yake yote yalizungukia, na kwa ajili hiyo hakumpa alichokiomba usiku ule. Safari iliyomliza mama ilimfikisha mwana Milan, kwa Askofu Ambrosi, na huko akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387. Exaudire ya Augustino, basi, inaweza kukaa pamoja na "hapana". "Kusikiliza" inakubali kukaa hivyo. "Kujibu maombi", kama tunavyoitumia sasa, haikubali.

Katika mahubiri yake juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohane, Augustino anakwenda mbali zaidi. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, hakuondolewa. Shetani aliomba ruhusa ya kumjaribu Ayubu, akapewa. Kama kipimo cha kusikilizwa ni kupewa, Shetani amemshinda mtume.

Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi, katika mikutano ya maombi na hata katika vikundi vya jumuiya, "maombi yaliyojibiwa" limekuwa karibu jina pekee la uhusiano wa Mungu na mwombaji. Anayepata kazi anasimama kutoa ushuhuda. Mama aliyemzika mtoto baada ya miezi ya kufunga na kusali hana pa kusimama, na mara nyingine huambiwa kwamba imani yake ilikuwa pungufu. Huo ni ukatili, na sehemu yake inatokana na sisi kumnyima neno la kusemea jambo lililomtokea. Mungu alimsikiliza. Neno hilo lipo, na ni la Kanisa lake.

Wala si Kanisa Katoliki peke yake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 na kusomwa zaidi na Waprotestanti, inapofika Waebrania 5:7, penye habari za Yesu kumlilia yule awezaye kumwokoa na mauti, inatumia kitenzi hicho hicho katika hali ya kutendwa: akasikilizwa. Mwandishi wa waraka alijua vizuri kwamba kikombe hakikuondolewa na msalaba ulifuata. Wala hakuona haja ya kulibadili neno.